Jina la Mtu Mtandaoni ni la Nani?

Jumuiya ya mtandaoni inapohama, je, mwanachama ana haki ya kuhama na jina lake? Tuchukue Wikipedia. Mwaka 2015 akaunti za lugha zote ziliunganishwa. Watu waliotumia jina moja katika lugha tofauti hawakuweza kubaki nalo wote. Mmoja aliachiwa, wengine waliongezewa mwishoni alama ya Wikipedia walikotoka. Maandishi yao yalibaki chini ya akaunti zao. Kwa maoni yangu, hiyo ni nusu ya haki. Kazi ndiyo inayomjengea mtu heshima, lakini wenzake humtambua kwa jina. Likipewa mwingine, huyo huvuna imani asiyoipanda. Kwa hiyo mwenye jina aarifiwe mapema, achague jipya mwenyewe, na wenzake waelezwe nani alikuwa nani.