Neno la Mwezi: Fuko Chini ya Mihogo Yetu



Tunawasalimu ninyi nyote mnaosoma karatasi hii, mlioko hapa Kampala, kule Katwe, Nsambya, Makindye na Masajja, pamoja na ndugu zetu mlioko Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja. Tunawasalimu kwa namna ya pekee wageni wetu waliotufikia mwaka 2025, baada ya Goma kutekwa mwezi wa Januari. Karibuni nyumbani mwa Bwana.

Masomo yetu ni Yoshua 7, Mathayo 18:15-17 na Waebrania 12:14-15. Baba au mama ayasome kwa sauti nyumbani, watoto nao wasikie.

Mwezi huu tunataka kusema juu ya fuko. Msicheke, wapendwa. Mnyama huyu sote tunamjua. Wanyarwanda na Warundi wanamwita ifuku, majirani zetu Waganda wanamwita effukuzi, na sisi wa Kivu tulimkuta katika mashamba ya baba zetu. Tumevuka mpaka, tumebadilisha nchi, na yeye tumemkuta huku akitungoja.

Wenzetu walioko kambini hupewa kipande cha ardhi cha kulima. Sisi tuliochagua kuishi mjini hatuna shamba, kila mtu anajitafutia. Ndiyo maana ua wa nyuma ya nyumba ni kitu kikubwa kwetu. Katika ua mmoja tunaoufahamu vizuri, familia nne za kanisa letu zilikuwa zimepanga vyumba. Nyuma ya vyumba hivyo walikuwa na mistari michache ya mihogo, matuta ya viazi vitamu na lenga-lenga kando ya ukuta. Sombe ilitoka hapo. Siku ambayo baba hakupata kazi, watoto walikula kutoka hapo.

Kisha mihogo ikaanza kunyauka, leo mmoja, kesho mwingine. Mama mmoja alishika shina alivute, likatoka jepesi kama fimbo iliyochomekwa tu ardhini. Chini hapakuwa na muhogo. Akasema, "Kuna mtu anachimba usiku." Mwingine akasema si mwizi, ni dawa, kuna mtu amefanyia shamba letu kitu. Katika ua ule kulikuwa na familia moja isiyo ya kabila la wengine. Hakuna aliyewataja kwa jina, lakini macho yote yalielekea kwenye mlango wao. Watoto wao wakaambiwa wasichote maji pamoja na wenzao. Asubuhi salamu zikaisha. Jumapili ya Meza ya Bwana, mama wa familia ile hakuja.

Na sisi viongozi? Tulisikia. Maneno yalitufikia mara mbili, mara tatu, tukasema ni mambo ya akina mama, yatapita. Tunaandika hili mbele yenu kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kosa letu ni kubwa kuliko la wale waliosema.

Mzee wetu mmoja, aliyelima miaka mingi kule Masisi, alikwenda kuwatembelea. Hakuuliza nani alisema nini. Alitembea ndani ya bustani akiangalia chini. Akaona vichuguu vidogo vya udongo mbichi, vimepangana kwa mstari. Akachukua shina lililonyauka, akaonyesha alama za meno mawili mapana. Akasema, "Wanangu, mwizi wa usiku hatafuni muhogo mbichi ndani ya udongo. Huyu ni fuko."

Kijana mmoja alitaka kukimbia barabarani kununua sumu ya panya aimwage mashimoni. Mzee akakataa. "Mna kuku hapa. Mna watoto wanaotambaa. Sumu haijui nani ni fuko na nani ni mtoto wako." Mwingine akataka kumwaga maji. Mzee akamwuliza jerikeni moja la maji ni bei gani, na njia ya fuko ina urefu gani. Yule akanyamaza.

Akawafundisha kazi, nasi tunaiandika hapa kwa faida ya wote. Kwanza, tafuta kichuguu chenye udongo mpya, maana cha zamani hakina kitu. Chimba kwa jembe taratibu mpaka uione njia, halafu iache wazi. Fuko hapendi mwanga wala upepo uingie kwake. Akisikia njia imefunguka, atarudi kuiziba kwa udongo. Hapo ndipo unapoweka mtego: kitanzi cha waya ndani ya njia, kimefungwa kwenye fimbo iliyopindwa, na fimbo imezuiwa na kamba ya mgomba iliyopita katikati ya njia. Fuko anakuja, anakuta kamba imemzuia, anaikata kwa meno, fimbo inaruka na kitanzi kinambana. Akishakamatwa, fukua njia yake, ijaze udongo na uukanyage, kwa sababu mara nyingi njia ikiachwa tupu fuko mwingine huja kukaa. Wakulima wengi wa Uganda hupanda pia muluku kuzunguka shamba, ule mti ambao majani yake hupondwa kuua samaki, ili kumfukuza fuko. Ukiupanda, uwe mbali na maji ya kunywa, na watoto wakatazwe kuugusa.

Siku ya kwanza fuko aliziba njia pembeni ya mtego. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, Alhamisi, alikamatwa. Walipofukua wakakuta chumba chake, na ndani yake akiba ya vipande vya mihogo na viazi. Alikuwa fuko mmoja tu. Mnyama huyu huishi peke yake katika njia zake, isipokuwa mama mwenye watoto. Mnyama mmoja, asiyefika nusu kilo, alikuwa amezivuruga nyumba nne.

Lakini wapendwa, familia ile ilikuwa imehama Jumanne. Walibeba magodoro yao kwenye boda-boda mbili, wakaondoka bila kuaga mtu. Fuko alikamatwa siku mbili baadaye.

Tujifunze nini?

La kwanza: kinachoharibu kiko chini, na sisi tunatazama usoni. Waebrania 12:15 inatuonya juu ya mzizi wa uchungu, ambao ukiota huwatia unajisi watu wengi. Mzizi hauonekani. Sisi tuliokimbia vita tumekuja na mizizi ya namna hiyo. Kila mmoja anajua kabila gani lilichoma kijiji chake. Muhogo ulipokauka hatukuuliza ardhi, tuliuliza kabila. Fuko alikula mihogo, lakini aliyekula upendo ni yule wa pili, tuliyembeba kutoka kwetu ndani ya mioyo.

La pili: fuko hakamatwi mpaka njia yake ifunguliwe. Akani alificha fedha, dhahabu na joho chini ya hema lake, na Israeli wote wakashindwa vitani mpaka udongo ulipofukuliwa. Tazameni jinsi fuko anavyofanya tukifungua: anakimbilia kuziba. Na sisi tuko hivyohivyo. Mtu akigusa jambo letu la siri, haraka tunaziba kwa maneno: "Hapana, mimi sina neno na mtu." Acha njia wazi, ndugu. Acha mwanga wa Kristo uingie, hata kama unaumiza macho.

La tatu: tusitumie sumu. Masengenyo ni sumu inayomwagwa shimoni kwa matumaini kwamba itamfikia adui peke yake. Lakini wanaokufa ni watoto wetu, wanaojifunza kwetu nani wa kuchota naye maji na nani wa kukimbia. Bwana Yesu ametupa njia nyingine katika Mathayo 18: nenda kwa ndugu yako, wewe na yeye peke yenu. Katika ua ule palikuwa na hatua kumi tu kutoka mlango hadi mlango. Hakuna aliyezitembea.

La nne: njia iliyoachwa tupu hupata mkaaji mpya. Katika Mathayo 12 Bwana anasema juu ya pepo aliyetoka na kurudi na wenzake saba, kwa sababu nyumba ilikuwa tupu. Kuacha kuchukiana hakutoshi. Mahali chuki ilipotoka pajazwe, kwa kutembeleana, kula pamoja na kuombeana kwa majina.

Baada ya siku kadhaa tuliwatafuta wale ndugu. Tuliwapata upande mwingine wa mji, katika chumba kidogo kuliko kile cha kwanza, na kodi kubwa zaidi. Tulikwenda wote: sisi viongozi, yule mzee na yule mama aliyesema kwanza. Mama huyo alipiga magoti kabla hatujakaribishwa kukaa. Akasema, "Mama, nilikusingizia. Ni mdudu wa ardhini, na mimi nilisema ni wewe." Mama mwenye nyumba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nilikimbia kwetu kwa sababu ya maneno kama hayo. Sikujua kwamba nitayakimbia tena kanisani." Akainuka akatuwekea chai. Hawakurudi katika ua ule, wala hatukuwalazimisha. Lakini Jumapili ya Meza ya Bwana iliyofuata walikuja, na wale mama wawili walikaa benchi moja.

Wapendwa, tuko ugenini. Hatuna mashamba ya baba zetu, hatuna mali za zamani. Tulicho nacho ni Mungu na sisi kwa sisi. Wiki hii kila nyumba ijiulize: kuna mlango gani ambao hatuupigii tena hodi? Usingoje muhogo wa mwisho unyauke. Nenda leo, kabla jirani yako hajafunga magodoro yake.

Tuombe: Ee Bwana, wewe unayeona chini ya udongo na chini ya maneno yetu, fungua njia za siri ndani yetu. Tusamehe sisi viongozi tulionyamaza. Wape watoto wetu kuchota maji pamoja. Utulinde mpaka utakapotupa kwetu, katika nchi zetu au katika nchi ile isiyo na wakimbizi. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.