Uhai: Akiba au Mtaji?

Mpwa wangu amelelewa Marekani. Alipokuja Mombasa kunijulia hali, alitoa mkobani bunda la karata kuukuu zenye picha za mazimwi na wachawi, akaniomba nicheze naye. Karata nizijuazo mimi ni zile za barazani, nami nikadhani ananiletea mchezo wa watoto. Lakini jambo moja alilonionyesha siku ile halijanitoka moyoni, na ningependa, ndugu msomaji, tulifikiri pamoja.

Mchezo huo huitwa Magic: The Gathering. Aliyeubuni ni Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, nao ulitoka mwaka 1993. Kila mtu hukusanya karata zake mwenyewe, kisha huchagua za kuchezea. Huanza na alama 20 za uhai, na kila zamu yake huokota karata moja bure. Alama zikimwishia, ameshindwa.

Mwaka 1995 ilitoka karata nyeusi iitwayo Necropotence. Ukiisoma utadhani imetungwa ili imdhuru mwenyewe. Kwanza hukunyima ile karata ya bure. Badala yake, kila karata unayoitaka unailipia alama moja ya uhai. Tena unalipa kabla ya kuiona: huwekwa kando kifudifudi, ukaishika mwisho wa zamu. Wachezaji wengi waliisoma mara moja wakaiweka kando. Nani auze uhai wake kwa kitu asichokijua?

Wakatokea wachache waliouliza swali jingine: hizi alama 20 zina kazi gani? Anayeshinda akiwa na 20 na anayeshinda akiwa na moja, wote wameshinda. Basi uhai ni ile alama ya mwisho. Zile 19 ni mtaji. Anayelipa alama 7 akapata karata 7, hali mwenzake anaokota mojamoja, amemwacha mbali. Wala hawakulipa kwa pupa. Waliiandalia wenzake: Nevinyrral's Disk, inayofagia karibu kila kitu mezani isipokuwa ardhi, na Drain Life, inayomnyonya adui uhai na kumrudishia mwenyewe. Tena walijua pa kukoma, kwa kuwa karata ya radi, Lightning Bolt, hukata alama 3 kwa pigo moja. Anayejishusha hadi hapo amejichimbia kaburi. Mwaka 1996 karata iliyodharauliwa ikatawala mashindano, hata kiangazi cha mwaka ule wachezaji wakakiita Kiangazi Cheusi. Baadaye ilibidi ipigwe marufuku katika baadhi ya aina za mashindano.

"Umeona, mjomba?" aliniambia. "Uhai si kitu cha kufungia kabatini."

Sikumjibu, kwa sababu nilimkumbuka mama, yaani bibi yake. Mama alikuwa mshonaji wa kofia za viua. Kila kofia ni kazi ya wiki nyingi, sindano na uzi, tundu baada ya tundu. Mchana alikuwa na kazi za nyumba, kwa hiyo kofia alizishona usiku, kwa mwanga wa taa ya chemni. Ndizo zilizotulipia karo mimi na dada yangu katika miaka ya 1970. Shangazi alikuwa akimwambia, "Wifi, unajipofua kwa ajili ya watoto ambao hujui watakuwa nani." Mama hujibu, "Macho nimepewa niyatumie." Siku nilipomletea cheti changu cha ualimu alikipapasa kwa vidole, akaniomba nimsomee.

Hapa ndipo fumbo la karata linapogeuka kuwa swali la haki. Mezani, anayelipa uhai ndiye anayezishika karata. Nyumbani kwetu alilipa mmoja, wakashika wengine. Je, ilikuwa haki mimi kupokea? Kwa miaka mingi nilijibu kwamba nilikuwa mtoto, sikujua. Jibu hilo ni kweli, lakini halinitoshi. Mtoto hakujua; mtu mzima anajua.

Nikamuuliza mpwa wangu: Je, aliyelipa akapata karata nyingi kuliko anavyoweza kuzicheza, inakuwaje? Akanieleza kwamba zamu ikiisha, mkono hauruhusiwi kubaki na zaidi ya karata 7, zilizozidi hutupwa. Kwa kawaida karata iliyotupwa huenda kwenye fungu la zilizokufa, na pengine hufufuliwa kwa hila fulani. Lakini chini ya Necropotence, inayotupwa kutoka mkononi huondolewa mchezoni kabisa. Uhai umekwisha kulipwa, na kilichonunuliwa kimepotea bila kuchezwa.

Nilipolisikia hilo nilijiona. Tangu nistaafu nimekuwa mtu wa kujitunza. Nalala mapema, natembea ufukweni asubuhi, nahesabu shinikizo la damu yangu kama mchuuzi anavyohesabu sarafu. Watoto wa mtaani kwetu walikuja mara mbili kuniomba niwafundishe hesabu jioni, nikawaambia mzee anahitaji kupumzika. Sikusema uongo. Lakini hesabu ile niliijua kwa macho ya mtu mwingine, nami nilikuwa nimeishika tu mkononi, ningoje zamu yangu iishe.

Sisemi kwamba kila mwenye kujiangamiza ni shujaa. Yuko anayejimaliza kwa sifa, na yuko anayemalizwa na wenziwe kisha akaitwa mvumilivu. Mama alichagua, nasi tunaopokea hatuna haki ya kumchagulia mwingine. Nisemalo ni hili tu: deni la aliyetulipia kwa uhai wake halilipwi kwa kujihifadhi. Hulipwa kwa kucheza tulichopewa, hali bado kuna zamu.

Juzi nimewaambia wale watoto waje Jumamosi, baada ya alasiri.