Rangi Mpya juu ya Ufa wa Kale

Katika miji ya mashariki ya Kongo, kama Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo inayompeleka mwalimu shuleni, mgonjwa hospitalini, na gunia la muhogo sokoni; na vijana wengi hawana riziki nyingine ila ile waipatayo kwa kuchukua abiria nyuma yao. Pikipiki mpya ina bei kubwa. Kwa hiyo iliyochoka haitupwi: hununuliwa na mtu mwenye mikono mizuri, huingizwa uani nyuma ya nyumba, na hapo, jioni baada ya kazi, huanza kufunguliwa skrubu kwa skrubu.

Kazi hiyo ni njema, na yastahili sifa kabla ya kuulizwa neno lo lote juu yake. Mtu hufungua motere, akaona pete za pistoni zimelika na silinda ina mikwaruzo. Huipeleka silinda kwa mwenye mashine ya kukereza, ikapanuliwa kidogo, robo ya milimeta au nusu, ikatiwa pistoni ya kipimo kinacholingana nayo. Tangi lenye kutu ndani hutiwa siki na kokoto ndogo, likatikiswa hata mikono ikafa ganzi. Kabureta huoshwa kwa petroli, na vitundu vyake vilivyo vyembamba kama ncha ya sindano hupulizwa mpaka mwanga upite. Spoki hukazwa moja moja, gurudumu likizungushwa polepole, mpaka liache kuyumba. Kazi hiyo humfundisha mtu uvumilivu kuliko maonyo mengi ya wazee, maana chuma hakisikii hasira, na skrubu iliyolazimishwa hukatika.

Tena mwenye pikipiki huipa sura aipendayo. Mpanda milima ya Kivu hutia nyuma gurudumu la meno lililo kubwa zaidi, ili ivute kwa nguvu, ijapokuwa mbio zake zapungua. Mwingine hurefusha kiti, au huongeza vyuma vya kubebea mizigo. Huko Uingereza, katika miaka ya 1950 na 1960, vijana walikuwa wakiitwaa motere ya Triumph na kuitia katika shasi ya Norton, wakaiita mashine hiyo Triton. Hapakuwa na udanganyifu, kwa sababu majina yale mawili yaliunganishwa katika jina lenyewe, na kila aliyeijua pikipiki alitambua kitu gani kimeoana na kitu gani. Tofauti kabisa ni kazi ya yule anayeunganisha pikipiki mbili zilizovunjika, akaiuza moja iliyopatikana kwa karatasi za ile nyingine. Mikono imefanya jambo lile lile. Ulimi ndio uliotofautiana.

Basi swali la haki halianzi katika kutengeneza, wala katika kupaka rangi. Laanza siku ya kuuza.

Uchukuliwe mfano wa mtu aliyenunua pikipiki iliyopata kuanguka. Alipokwangua rangi ya zamani kwa msasa, aliona ufa katika bomba la shasi, karibu na shingo inayoshika usukani. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Mahali hapo ndipo panapobeba mapigo yote ya barabara: kila shimo, kila jiwe, kila mara freni ya mbele inapokamatwa, chuma hujipinda kidogo mno, kisha hurudi. Chuma hustahimili kujipinda huko mara nyingi sana, lakini si milele; na ufa ukiisha kuanza, hauponi, husonga mbele. Fundi anayejua kazi yake huuchimba ufa wote mpaka mwisho wake, hulehemu kwa uangalifu, hutia kibati cha kushikiza pande mbili. Hata hivyo hana hakika kwamba shasi imerudia nguvu yake ya kwanza, kwa maana joto lile lile linalounga chuma huibadili asili ya chuma kilicho kando yake. Fundi mwenye haraka hulehemu juu juu, ufa ukabaki chini. Kisha huja tupa kusawazisha, na tupa huondoa sehemu ya chuma kile kile kilichokuja kushika. Kisha mastiki, ule uji mzito wa kuzibia unaokauka ukawa mgumu. Kisha rangi, nyekundu inayong'aa. Sehemu iliyo dhaifu kuliko zote sasa ndiyo laini kuliko zote.

Anakuja mnunuzi, kijana. Anaizunguka pikipiki, anabonyeza kiti, anasikiliza motere. Anauliza: «Papa fundi, haina neno?» Naye mzee anajibu: «Tazama mwenyewe, mwanangu.»

Je, mzee amesema uongo? Hakuna neno moja la uongo katika jibu lake. Amemwachia kijana uhuru wa kutazama, na macho ya kijana ni mazima. Watu wengi wangemtetea hivyo, na utetezi huo una umri mkubwa. Cicero wa Roma, katika kitabu juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anaeleza jinsi wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso, walivyoshindana juu ya jambo hili hili. Mtu anauza nyumba. Nje ni nzuri. Yeye peke yake anajua kwamba mbao zake ni mbovu na vyumba vyake vina nyoka. Diogenes alisema: aseme zile kasoro ambazo sheria yamtaka aziseme, asitie uongo katika mengine, basi, kunyamaza ni jambo moja na kuficha ni jambo jingine, hakuna aliyemlazimisha mnunuzi. Antipater alikataa. Watu wa Athene, alisema, waliwalaani wale wasiomwonyesha njia mtu aliyepotea. Na huyu anayemwacha mwenzake aanguke katika hasara kwa kutojua, hali yeye anajua, amefanya neno baya zaidi.

Cicero alihukumu upande wa Antipater, na sababu yake ni nzito. Si kila kunyamaza ni kuficha. Bali mtu huficha anapotaka, kwa faida yake mwenyewe, kwamba lile analolijua yeye lisijulikane na yule ambaye kulijua kungemfaa. Hukumu hii yampata mzee wa uani barabara. Tena kwake kuna jambo la ziada ambalo mwenye nyumba hakuwa nalo. Yeye hakunyamaza tu. Alichukua tupa, mastiki na burashi, akaufanya ufa usionekane, kisha akasema: tazama. Macho aliyoyaalika ni macho aliyokwisha kuyafumba. Rangi juu ya chuma kizima ni pambo, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu mtu kwa kupenda nyekundu. Rangi ile ile juu ya ufa ni usemi, nayo yasema «hapa ni pazima».

Kuna na mwerevu mwingine, asiyependa kujua. Anahisi kwamba pikipiki imeanguka, kwa kuwa usukani wavuta upande mmoja, lakini hakwangui rangi ya zamani, apate kusema kwa moyo mweupe kwamba hakuona kitu. Huyo asijisifu. Aliyefumba macho kwa makusudi alichagua lile ambalo hataliona, na hawezi kuchagua pasipo kulijua kidogo.

Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alilipima jambo hili kwa kipimo cha hali ya kila kitu. Farasi mwenye jicho moja, alisema, aweza kuuzwa pasipo mwenyewe kulitangaza jicho lake, maana kasoro hiyo yaonekana na wote, mradi bei ipunguzwe kama inavyostahili. Lakini kasoro iliyojificha, inayoweza kuleta hasara au hatari kwa mnunuzi, lazima isemwe. Toma hakumdai mfanyabiashara mambo yasiyowezekana. Kiti kilichochanika, rangi iliyopauka, taa iliyofungwa kwa waya, hayo mnunuzi anayaona, na kila mmoja ana akili ya kupatana bei. Hata bei itakayoshuka mwezi ujao, muuzaji hapaswi kwa haki kuitangaza, ingawa kuitangaza kungekuwa wema zaidi. Ufa ni neno jingine. Ufa uko ndani ya kitu chenyewe.

Warumi walikuwa na amri ya maliwali wa soko iliyomlazimisha muuzaji wa watumwa na wanyama kutangaza maradhi yao. Na ni aibu ya wanadamu kwamba sheria ya kweli katika biashara ilijifunza kusema sokoni pale ambapo mtu aliuzwa pamoja na nyumbu. Nchini Kongo, amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba yamtaka muuzaji awe mdhamini wa kasoro zilizofichika za kitu alichokiuza. Lakini pikipiki iliyouzwa uani, kwa fedha mkononi, mara chache hufika mbele ya hakimu. Jambo hilo hubaki kati ya mtu na dhamiri yake, taa ya mafuta na burashi mkononi.

Atasema mtu: na umaskini? Mzee huyu ametia katika pikipiki hiyo akiba yote ya nyumba. Akilitaja neno la ufa, bei itaanguka nusu, na mwana wake atarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Neno hili halifai kudharauliwa. Walio mbali na njaa huona kweli kuwa rahisi. Lakini kijana anayenunua naye ana akiba ya nyumba mkononi, labda imekopwa kwa jamaa wote. Hasara ya ufa haikufutwa kwa rangi. Imehamishwa tu kutoka maskini mmoja mpaka maskini mwingine, na wa pili hakupewa nafasi ya kuikataa.

Wala hesabu haikomi kwa hao wawili, na hapa ndipo Diogenes, pamoja na werevu wake wote, anaposhindwa kabisa. Tuseme mzee ameeleza yote, kijana amesikia, bei imepunguzwa, wamepeana mikono. Kati yao haki imetimizwa. Lakini Jumatatu kijana atasimama kwenye njia panda akingoja abiria. Atakuja mama mwenye mtoto mgongoni na kapu la samaki. Atauliza nauli, atapanda. Yeye hakuwapo uani. Hakuambiwa neno, wala hakupunguziwa kitu. Farasi mwenye jicho moja humwangusha aliyemnunua. Shasi hii itamwangusha mtu asiyejua kwamba palikuwa na ununuzi. Kwa ajili yake ukweli ulioambiwa mnunuzi hautoshi, na kupunguza bei hakutoshi, kwa kuwa hakuna bei ambayo watu wawili waweza kupatana juu ya mifupa ya mtu wa tatu.

Wako mafundi wanaolijua hili pasipo kusoma Cicero. Wakipata shasi yenye ufa mahali pale pa shingo, hawaiuzi kama pikipiki. Motere iliyotengenezwa huuzwa peke yake, magurudumu peke yake, tangi na kabureta kwa wenye kuvihitaji. Fedha hupungua, lakini haipotei yote. Shasi yenyewe huikata kwa msumeno mahali pawili kabla ya kuitoa uani, asije fundi mwingine akaiokota na kuipaka rangi.