Safari ya Krismasi na Chumba cha Ndugu

Mwezi wa Desemba ukaribiapo, maneno ya safari huanza kusikika katika vijiji vyetu vya Kilosa. Shule zimefungwa, na watoto waulizana ni nani atakayekwenda kula Krismasi Dar es Salaam. Wakubwa nao hufanya hesabu: nauli, nguo, viatu, na akiba kidogo ya pantoni ya Kigamboni ili watoto wakaione bahari. Hata kanisa hulichagua mapema. Wengine wapenda Azania Front, kanisa la Walutheri lielekealo bandari, na wengine Mtakatifu Yosefu lililo jirani yake. Yote mawili yalianza kujengwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na yangali yakijaa watu usiku wa Noeli.

Jambo moja hatulihesabu, nalo ni chumba tutakacholala. Kwa kuwa tuna ndugu mjini, twadhani tuna nyumba mjini. Basi twapenda kuwauliza wasomaji: je, yampasa mtu kumwuliza ndugu yake kabla ya kumwendea, au kuuliza ni kumgeuza ndugu kuwa mtu wa mbali?

Wazee wetu hawakuuliza, nao hawakukosa. Nyumbani kwa mkulima mgeni aliongezewa kibaba cha unga kutoka ghalani, kuni zilitoka porini, maji mtoni, na mkeka ulitandikwa popote. Tena wageni hawakuja mara kwa mara. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, lakini safari ilikuwa ndefu na yenye kuchosha, na uchovu huo peke yake ulimlinda mwenyeji. Sasa mambo ni mengine. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yatoka Morogoro na kuingia Dar es Salaam kwa muda usiotimia saa mbili. Mtu aweza kunywa uji kwake na kula chakula cha mchana kwa shemeji.

Na huyo shemeji akaa wapi? Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao hupanga chumba kimoja au viwili katika nyumba yenye ukumbi katikati na milango pande zote mbili, na kila mlango una jamaa yake. Unga hununuliwa kwa kilo, mkaa kwa kopo, maji kwa dumu, na kodi ya miezi kadhaa hudaiwa kwa mara moja. Hakuna ghala. Desturi yetu ya kutouliza ilizaliwa penye ghala, nasi tumeihamishia pasipo na ghala, kisha twashangaa mwenyeji akikonda.

Sisi wenyewe tulifanya hivyo. Mwaka mmoja tulimwendea ndugu yetu mdogo watu sita, wakubwa wawili na watoto wanne, tukabisha hodi jioni ya tarehe 23. Alitupokea kwa furaha, akatuachia chumba chake na kitanda chake. Tulipomwuliza yeye atalala wapi, alijibu, “Kaka, msiwe na shaka, juma hili nina zamu ya usiku.” Tulimshukuru Mungu kwa bahati hiyo! Siku ya Krismasi, tulipotoka kanisani, tulikutana na mwenzake wa kazi, naye kwa kutojua akatuambia kwamba zamu ya usiku haikuwako. Ndugu yetu alikuwa akilala juu ya benchi katika kibanda cha mlinzi, na asubuhi huoga huko huko ili aje kwetu kama mtu aliyetoka kazini. Chakula cha mchana siku ile kilikuwa pilau. Hatukuweza kula vizuri.

Tumefikiri sana juu ya neno lake lile. Si kweli, wala hatuwezi kuliita kweli. Lakini nani aliyemfundisha kulisema? Sisi tulimjia na mizigo kichwani na watoto wenye usingizi, tukamwachia mlango mmoja tu wa kupita. Nusu ya uongo ule twaiona kuwa ni yetu.

Mzee mmoja wa kanisa letu, tulipomsimulia, hakukubaliana nasi. Alisema, “Mwalimu, ukimwuliza ndugu, umemtwika mzigo mzito kuliko wa kumlisha. Hawezi kusema hapana. Atasema ndiyo, na sasa wewe utalala usingizi mzuri kwa sababu uliuliza.” Maneno haya yana nguvu, wala hatukuwa na jibu siku ile. Kuuliza kwaweza kuwa njia ya kujisafisha tu.

Baadaye tulisoma tena Waraka kwa Filemoni, ambao ni mfupi, mistari 25 tu. Paulo asema kwamba angeweza kumwamuru Filemoni, bali hakutaka kufanya neno bila shauri lake, ili wema wake usiwe wa kulazimishwa. Huko alikuwa akisema habari za Onesimo, si za malazi. Tena, habari ya malazi, yeye mwenyewe mwishoni amwagiza Filemoni amtengenezee mahali pa kukaa, wala haulizi kama yafaa! Lakini angalau alimpa habari mapema. Na Wakristo wa kwanza, katika kitabu kile kiitwacho Didake, waliagizwa kwamba msafiri apokewe, ila asikae zaidi ya siku mbili au tatu. Wahenga wetu nao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapo kanisa la kale na Waswahili wamekutana bila kupeana barua.

Basi tulimrudia yule mzee tukamwambia kwamba labda kosa ni katika namna ya kuuliza. Aulizaye, “Twaja Krismasi, sivyo?” hakuuliza. Yafaa swali liwe na milango miwili, na ule wa pili uwe mpana kama wa kwanza. Mzee alitikisa kichwa, akasema, “Jaribu, utaona.”

Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, tulimpigia simu ndugu yetu. Tulimwambia, “Ndugu, twapenda kuja wawili tu, siku mbili. Kama Desemba ni nzito kwako, tutakuja Agosti, na kwetu ni sawa.” Alinyamaza, hata tukadhani simu imekatika. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Kaka, njooni Agosti.”

Krismasi ile tulisali kijijini. Watoto walinuna siku nzima, na mmoja alikataa kuvaa viatu vipya. Mwezi wa Agosti tulikwenda na debe la unga, maharage na kuku wawili. Usiku ndugu yetu alilala kitandani pake, nasi tulitandika mkeka chini, tukazungumza gizani habari za marehemu baba mpaka majirani wakagonga ukuta.