Dhahabu Ilipowashinda Wahusika

Nyinyi mnaopenda mchezo wa kuigiza wahusika mezani, ule wa dadu, penseli na karatasi, naomba mnisikilize. Kisa hiki kilitokea hapa Kakamega, katika nyumba ya kupanga mtaani Amalemba, kati ya vijana waliokuwa marafiki wa kweli. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ndiyo sababu nakisimulia, maana kosa lililowapata linaweza kumpata yeyote kati yetu, mimi nikiwemo.

Mwongozaji wao alibuni hadithi nzuri sana. Aliirudisha Kakamega mwaka 1932, mwaka mmoja baada ya dhahabu kugunduliwa, wachimbaji wa kizungu walipomiminika hapa na kupiga vigingi vyao hadi kwenye mashamba ya watu. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ya kikoloni iliibadilisha sheria ya ardhi ya wenyeji iliyokuwa imeipitisha 1930. Awali sheria hiyo iliahidi kwamba anayenyang'anywa ardhi atapewa nyingine. Baada ya mabadiliko, palipopatikana madini mwenyeji angeweza kuondolewa kwa kulipwa pesa peke yake. Ni historia yenye uchungu, na mwongozaji alitaka vijana wenzake waionje.

Kila mchezaji alipewa mtu wake: mhunzi, mkalimani wa mkuu wa wilaya, mpishi wa kambi ya wachimbaji, na binti wa mzee wa Isukha mwenye shamba kando ya Mto Isiukhu. Kufikia hapo mambo yalikuwa sawa.

Tatizo lilikuwa kwenye kanuni. Mwongozaji alichukua zile za zamani za Dungeons & Dragons, mchezo uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Katika kanuni hizo, kipande kimoja cha dhahabu unachokileta nyumbani ni pointi moja ya uzoefu, na mpiganaji huhitaji pointi 2,000 ili apande ngazi ya pili. Kanuni hiyo ilifaa kwa kazi iliyokusudiwa, yaani hadithi za watu wanaoingia mapangoni kutafuta hazina. Vijana wetu waliihamishia kwenye hadithi ya watu wanaonyang'anywa ardhi kwa ajili ya dhahabu, bila kuibadilisha hata kidogo.

Jioni moja ajenti wa kampuni alimwomba yule binti amwonyeshe mwamba wenye dhahabu. Mwamba wenyewe ulikuwa chini ya makaburi ya jamaa zake. Kijana aliyemwigiza hakujiuliza baba wa binti huyo atasema nini, wala binti atamwangaliaje mama yake usoni. Aliuliza, "Nitapata vipande vingapi?" Akaambiwa 900. Akapiga hesabu pembeni mwa karatasi yake: alikuwa na pointi 1,150, na 900 hizo zingemvusha. "Nauza," akasema, akarusha dadu ili apandishe bei. Wenzake wakashangilia.

Kwa kanuni, alicheza vizuri kabisa. Lakini binti wa namna ile, wa mwaka ule, angeyauza makaburi ya babu zake katika pumzi moja? Angeweza kuuza, pengine, kwa njaa au kwa hofu, na hadithi hiyo ingetutoa machozi. Hapa hapakuwa na njaa wala hofu, palikuwa na hesabu tu.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwa yametanda muda mrefu kabla ya jioni ile. Ya kwanza, swali la mezani lilikuwa limebadilika. Mwanzoni waliulizana, "Mtu wangu angefanya nini?" Baadaye ikawa, "Hii ina pointi ngapi?" Ya pili, majina ya wahusika yaliacha kutajwa. Mhunzi akawa "huyu wangu wa nguvu 16". Ya tatu, na ndiyo iliyoniuma zaidi, ni yule aliyemwigiza mpishi. Yeye alikataa kuwaibia watu wa kijiji chake, na zaidi ya mara moja alitumia zamu yake kwenda kuwaonya majirani. Hakupata pointi hata moja kwa hayo. Wenzake walipanda ngazi, yeye akabaki nyuma, akaanza kunyamaza, na hatimaye akaacha kuja. Waliona kiti kitupu, wakadhani ana shughuli nyingi.

Mwongozaji alijaribu kuuokoa mchezo kwa kuongeza hazina na maadui wakali. Hilo lilikuwa ni kuumwagia moto mafuta. Muda si mrefu kikundi kilivunjika.

Tusikimbilie upande wa pili na kusema kanuni zitupwe. Nimeona pia meza ambazo mchezaji huwasaliti wenzake na kuvuruga kila mpango, kisha akajitetea, "Ndivyo mhusika wangu alivyo." Huo nao ni ubinafsi uliovaa joho la uigizaji. Kanuni na dadu hutupa jambo ambalo sisi wenyewe tungelikwepa: matokeo yenye uzito, hata yale tusiyoyataka. Kanuni ikiwa nzuri humsukuma mchezaji amkaribie mtu anayemwigiza.

Waliotutangulia walilijua hilo. Mchezo wa Call of Cthulhu wa 1981 huhesabu akili timamu ya mhusika, kwa hiyo hofu yake ina gharama. Pendragon, ulioandikwa na Greg Stafford na kutoka 1985, huandika tabia kama rehema na ukatili kwa namba, na namba hizo zinaweza kumpinga mchezaji mwenyewe. Vampire wa 1991 una kipimo cha utu kinachoshuka mhusika anapotenda unyama. Katika yote hayo, kinachohesabiwa ndicho hadithi inachokijali.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya mchezo kuanza tuisome kanuni ya pointi na tujiulize inamlipa nani, na kwa tendo gani. Kama hadithi yetu ni ya ardhi, tumpe pointi anayeilinda, na anayeiuza kwa uchungu unaoeleweka pia tusimnyime. Kabla ya kurusha dadu, kila mchezaji aseme mtu wake anamwogopa nani na anampenda nani. Na akinyamaza mmoja wetu, tumuulize siku hiyo hiyo, tusingoje kiti kibaki kitupu. Watu hufuata kile wanacholipwa, mezani kama kwingineko, na anayeandika malipo ndiye anayeandika hadithi.