Hisabu na Fadhila ya Mchezaji

Shane Battier, aliyekuwa mchezaji wa kikapu wa Houston Rockets huko Marekani, hakusifika kwa pointi wala ribaundi. Illa wajuzi wa takwimu mpya, walipopima tofauti ya pointi za timu yake na za wapinzani wakati alipokuwamo uwanjani, waliona timu ikistawi kwa kuwapo kwake. Mbele ya mpinzani kama Kobe Bryant alikuwa akinyosha kiganja usoni pake, bila kuugusa mpira, amzuie kuona. Na kazi hiyo, jamani, haikuwa na safu katika daftari. Hapo takwimu zilifanya insafu. Lakini uwanjani wamo wachezaji kumi, na kuitenga fadhila ya mmoja na ya wenziwe wanne aghalabu ni kukisia. Ama subira na ikhlasi, hizo mwanadamu hakupewa mizani yake. Baadaye Battier alitwaa ubingwa na Miami Heat mwaka 2012 na 2013, na hakuna tarakimu iliyothibitisha fungu lake lilikuwa kiasi gani.