Mbuzi wa Mjane na Amana ya Wote

Katika vijiji vyetu vya Izimbya, mbuzi mmoja ni ada ya mtoto, ni dawa ya mgonjwa, ni sadaka ya mavuno. Fisi akimrarua usiku, tunaamka na hasira, na wazo la kwanza ni sumu: tuupake mzoga, tuwamalize fisi wote. Je, Mkristo anaruhusiwa?

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wao kwa niaba ya Watanzania wote. Ndiyo sababu mwindaji lazima awe na leseni, na kuwinda kwa sumu kumekatazwa. Lakini sheria hiyohiyo haimhukumu mtu aliyemuua mnyama ili kuokoa uhai au mali. Ila nyama na ngozi si zake.

Mpaka huo, kati ya kulinda na kulipiza kisasi, Biblia inaujua. Daudi alimfuata simba ili ampokonye kondoo, akamuua alipomgeukia. Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inamruhusu mtu kuchukua makinda, lakini amwache mama yao aende. Na baada ya gharika Mungu hakufanya agano na Nuhu peke yake, bali na kila kiumbe chenye uhai, fisi akiwemo. Sumu haijui mpaka wowote. Inamuua fisi, kisha tumbusi anayekula mzoga wake, kisha mbwa wa jirani.

Hata hivyo tusiishie hapo. Ni rahisi kumhubiria mjane habari za kutunza uumbaji huku zizi letu likiwa la matofali. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho, na jina lenyewe linakiri kwamba si fidia. Kama wanyama ni amana ya wote, hasara wanayoleta haiwezi kuwa ya mmoja.

Basi jumuiya inayomwambia mjane asitege sumu, na ifike kwake siku hiyohiyo na miti, misumari na mikono, imjengee zizi imara kabla giza halijaingia. Tena tuchange, apate mbuzi mwingine. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tumemtii Mungu kwa mbuzi wa mwenzetu.